Daktari Guttmann, Mtu Aliyewatoa Wagonjwa Kitandani na Kuwapeleka Uwanjani

Mita 800 ni mbio zetu Wakenya, hilo halina ubishi. Pamela Jelimo alipochukua dhahabu kule Beijing tarehe 18 Agosti 2008, kwa dakika 1 na sekunde 54.87, alikuwa msichana wa miaka 18 tu, rika moja na dada zetu wa kidato cha nne. Nchi nzima ilishangilia. Lakini, msomaji mpenzi, je, unajua kwamba mwezi uliofuata, katika uwanja ule ule, wanawake wengine walishindana mita 800 zile zile, na mshindi wao akamaliza kwa muda mfupi kuliko wa Jelimo? Huyo alikuwa Chantal Petitclerc wa Kanada, na hakukimbia kwa miguu. Alisukuma kwa mikono, akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu matatu.

Kiti hicho hakikufika uwanjani hivi hivi. Kuna mtu aliyekisukuma kwanza kutoka wodini, naye ni Daktari Ludwig Guttmann. Chama chetu kimezoea kuandika habari za washairi na mashujaa wa uhuru, lakini mwaka huu tumeona tumweleze huyu, kwa sababu maisha yake ni hadithi ya ajabu, na pia kwa sababu aliacha swali ambalo mpaka leo wanariadha wanabishana juu yake: ukitaka kuwashindanisha watu wenye ulemavu kwa haki, utawagawanya vipi?

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo uitwao Tost. Wakati huo Tost ilikuwa ndani ya Ujerumani. Siku hizi iko Poland na huitwa Toszek. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alilelewa katika mji wa Königshütte, mahali pa migodi ya makaa ya mawe, na hapo ndipo alipokutana na jambo lililomkaa moyoni maisha yake yote.

Mwaka 1917, akiwa kijana wa miaka 17, alikuwa akisaidia kazi za mkono katika hospitali iliyohudumia wachimba migodi. Siku moja akaletwa mchimba migodi kijana, mwanamume wa miraba minne, ambaye mgongo wake ulivunjika na miguu ikapooza. Guttmann alianza kuandika habari za mgonjwa, kama kawaida. Akaambiwa asijisumbue kuandika mengi, kwani mtu huyo atakufa baada ya wiki chache. Na kweli, baada ya wiki tano hivi akafa. Hebu fikiria: hakuuawa na ule mgongo uliovunjika. Aliuawa na sumu iliyoingia katika damu kutokana na vidonda na uchafu wa kibofu. Yaani aliuawa na kulala tu kitandani bila mtu kumgeuza, kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kata tamaa juu yake.

Mwaka uliofuata Guttmann akaanza kusomea udaktari katika mji wa Breslau, na kufikia 1924 alikuwa amehitimu. Baadaye alifanya kazi chini ya Profesa Otfrid Foerster, bingwa wa magonjwa ya ubongo na neva, akawa mmoja wa madaktari waliotajwa sana Ujerumani katika fani hiyo. Mambo yalikuwa yakimnyookea.

Ndipo Hitler akashika serikali mwaka 1933. Madaktari wa Kiyahudi wakafukuzwa katika hospitali za umma, na Guttmann akahamia hospitali ya Wayahudi ya Breslau. Mwaka 1937 akawa mkuu wake. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto Ujerumani nzima, maduka ya Wayahudi yakavunjwa vioo, wanaume wakakamatwa barabarani. Guttmann aliwaamuru wafanyakazi wake wampokee kila mwanamume atakayekuja usiku huo, mgonjwa asiwe mgonjwa. Wakaingia 64. Asubuhi polisi wa siri, ile Gestapo, wakafika kutaka maelezo. Daktari akapita nao kitanda kwa kitanda, akibuni ugonjwa kwa kila mmoja. Inasemekana alikuwa akikunja uso na kukodoa macho kuwafundisha wagonjwa wake wa uongo namna ya kujifanya wamepata kifafa! Katika wale 64, aliwaokoa 60. Uongo wa namna hii sidhani kama kuna mwalimu wa nidhamu angeuandikia adhabu.

Muda si muda yeye mwenyewe alilazimika kutoroka. Serikali ya Hitler ilikuwa imemnyang'anya pasipoti, lakini ikamrudishia kwa muda ili aende Ureno kumtibu rafiki wa mtawala wa huko, Salazar. Wakati wa kurudi alipitia London, na huko shirika la kuwasaidia wasomi waliokimbia udhalimu likampa njia ya kuhamia Uingereza. Machi 1939 aliwasili Oxford pamoja na mkewe Else na watoto wao wawili, mvulana na msichana. Miezi sita baadaye vita vikuu vya pili vikaanza. Daktari aliyekuwa mkuu wa hospitali sasa alikuwa mkimbizi, akifanya utafiti maabarani na hana wagonjwa wake.

Mwaka 1943 serikali ya Uingereza ilikuwa ikijiandaa kuwavusha askari wake kwenda kupigana Ufaransa, ikajua majeruhi wa mgongo watakuwa wengi. Guttmann akaombwa aongoze kituo maalumu katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Madaktari wenzake waliona ni kazi ya kuzika watu, si ya kuponya. Yeye alikubali kwa sharti moja: asiingiliwe. Kituo kikafunguliwa tarehe 1 Februari 1944 kikiwa na mgonjwa mmoja tu.

Mbinu yake ya kwanza haikuwa na maajabu yoyote. Kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mikojo itolewe kwa usafi. Basi! Lakini kulitekeleza hilo si mchezo. Manesi walichoka, maaskari waliokuwa wakisaidia kuwageuza walichoka, na daktari mwenyewe alikuwa akipita wodini usiku wa manane kuhakikisha hakuna aliyesinzia. Alikuwa mkali kweli kweli, mtu mfupi mwenye miwani, lafudhi ya Kijerumani haikumtoka, na hakupenda kupingwa. Wagonjwa walimwita Poppa, yaani Baba, wengine kwa upendo na wengine, nadhani, kwa kuchoka naye. Vidonda vikaanza kupona. Watu waliopaswa kufa hawakufa.

Sasa likaja tatizo jingine. Mtu aliyepona vidonda lakini hatatembea tena, afanye nini siku nzima? Guttmann hakutaka mtu alale akihesabu mbao za dari. Akawawekea karakana, wakafanya useremala na kutengeneza saa. Kisha akawaona baadhi yao uani, wamekaa vitini, wanagongagonga kitu kwa fimbo. Hapo likazaliwa wazo la michezo. Walianza na polo ya viti vya magurudumu, lakini watu waliumizana mno ikaachwa, ikaingia mpira wa kikapu. Halafu upinde na mishale. Mchezo huu wa kulenga shabaha ulimpendeza daktari kwa sababu za kitabibu: kuvuta upinde hujenga mabega na mgongo, na mtu wa kitini anaweza kushindana sawa na mtu aliyesimama.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Mfalme George wa Sita alipofungua michezo ya Olimpiki jijini London, Guttmann naye alifungua michezo yake kwenye nyasi za hospitali. Washindani walikuwa 16, wote waliopata kuwa jeshini, na wawili kati yao walikuwa wanawake. Nayataja haya ya wanawake kwa makusudi. Michezo ya Olimpiki ya mwanzo kabisa, ile ya 1896, haikuwa na mwanamke hata mmoja. Hii ya hospitalini ilikuwa nao tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1952 wakaja Waholanzi, ikawa michezo ya kimataifa. Mwaka 1960 ikapelekwa Roma, baada tu ya Olimpiki kumalizika huko, na walishiriki wanamichezo wapatao 400. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Tokyo ikafuata 1964, Tel Aviv 1968. Mwaka 1972 michezo ilifanyika Heidelberg, Ujerumani, na Guttmann alirudi kuiongoza katika nchi iliyotaka kumwua. Ni huko Heidelberg ndiko Kenya iliposhiriki kwa mara ya kwanza. Lakini mwaka 1976, Toronto, hatukuwepo: nchi kadhaa zilijitoa kwa sababu timu ya Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi iliruhusiwa.

Naam, turudi kwenye lile swali la kugawanya watu, maana hapa ndipo utamu na uchungu wa kazi ya Guttmann ulipo.

Uti wa mgongo umepita ndani ya pingili: saba za shingoni, kumi na mbili za kifuani, tano za kiunoni, na nyingine zilizoungana kule chini. Palipokatika ndipo panapoamua kilichobaki. Aliyeumia shingoni hupoteza miguu, kiwiliwili, na nguvu nyingi za mikono na vidole. Aliyeumia juu kifuani ana mikono mizima, lakini misuli ya tumbo na mgongo haimtii. Akiinama mbele kusukuma kiti, kurudi juu ni taabu. Aliyeumia karibu na kiuno anaweza kuinama na kuinuka apendavyo, na kila anaposukuma gurudumu anasukuma kwa uzito wa mwili wote. Ukiwaweka watatu hawa mstari mmoja, huhitaji filimbi kujua nani atashinda.

Guttmann, akiwa daktari wa neva, aliona jibu mbele ya macho yake. Wagawanywe kwa pingili iliyoumia. Mwanzoni mgawanyo ulikuwa rahisi, aliyeumia juu ya pingili ya kumi ya kifua na aliyeumia chini yake. Baadaye madaraja yakaongezeka mpaka yakajulikana kwa namba na herufi. Kabla ya mashindano mwanamichezo alilazwa kitandani, daktari akampima anapohisi na asipohisi, akaipima misuli mmoja mmoja na kuupa alama kuanzia 0 hadi 5. Jumla ikitoka, umepangiwa daraja lako. Hakuna kubishana na daktari.

Mpango huo ulikuwa wa haki, na tusiubeze. Bila huo, mtu aliyevunjika shingo asingepata medali hata siku moja. Lakini ulikuwa na kasoro tatu ambazo zilionekana polepole. Ya kwanza, ulimpima mtu akiwa amelala, na mbio hazikimbiwi kitandani. Ya pili, uliandikwa kwa ajili ya uti uliovunjika. Sasa mtu wa polio je? Polio huharibu misuli hapa na kuacha pale, mguu mmoja umelegea na mwingine una nguvu kidogo, na hisia za ngozi zipo zote. Huwezi kumwonyesha pingili yake kwa kidole. Kwetu Afrika, ambako walio wengi vitini walifika huko kwa polio na si kwa vita, jambo hili si dogo.

Ya tatu iliwaangukia wanawake. Kadiri madaraja yalivyozidi, ndivyo kila daraja lilivyobaki na watu wachache. Wanaume walikuwa wengi kiasi cha kugawanywa. Wanawake hawakuwa. Mwanamke angeweza kufanya mazoezi mwaka mzima, avuke bahari, afike uwanjani akute wapinzani wake ni wawili, au mbio zake zimeunganishwa na za daraja la walio na nguvu zaidi. Hapo medali inategemea kalamu ya daktari kuliko mikono yako.

Na mbio zenyewe zilikuwa za umbali gani? Utacheka. Tokyo mwaka 1964 zilikuwa mita 60! Kisha ikaongezwa mita 100. Madaktari wengi wa enzi hizo waliamini kwamba moyo wa mtu aliyepooza hauwezi kustahimili zaidi, na chini ya uongozi wa Guttmann umbali uliendelea kuwa mfupi miaka mingi. Mimi huona ni kinaya kikubwa. Mtu aliyewakatalia madaktari waliosema wagonjwa wake watakufa ndiye aliyekuwa kiongozi wakati madaktari walipowakatalia wagonjwa hao hao mita 800. Pengine aliyeokoa mtoto kwenye moto huwa wa mwisho kumruhusu awashe jiko.

Waliovunja woga huo hawakuomba ruhusa yake. Mwaka 1975 Mmarekani Bob Hall alisukuma kiti chake kilomita 42 za marathoni ya Boston kwa saa 2 na dakika 58. Mwaka 1977 mwanamke, Sharon Rahn, akamaliza marathoni hiyo hiyo kwa saa 3, dakika 48 na sekunde 51, na moyo wake haukusimama. Katikati ya hao wawili, Toronto 1976, mbio za mita 200, 400, 800 na 1500 zilikuwa zimekwisha ingizwa katika Paralimpiki. Guttmann alikuwepo kuyaona hayo ya Toronto, akiwa na umri wa miaka 77. Malkia alikuwa amempa cheo cha Sir tangu 1966, na uwanja wa michezo wa Stoke Mandeville ulifunguliwa 1969. Moyo uliosimama ulikuwa wake mwenyewe. Alipata ugonjwa wa moyo mwishoni mwa 1979, na tarehe 18 Machi 1980 akafariki dunia.

Laiti angeishi miaka minne zaidi! Tarehe 11 Agosti 1984, katika uwanja mkuu wa Olimpiki Los Angeles, kati ya mbio za kawaida, waliingizwa wanawake wa viti vya magurudumu kushindana mita 800. Hayakuwa mashindano rasmi ya medali za Olimpiki, yalikuwa ya maonyesho, lakini umati ulikuwa ule ule na kamera zile zile. Aliyeshinda ni yule yule Sharon wa Boston, sasa akiitwa Sharon Hedrick baada ya kuolewa. Muda wake ulikuwa dakika 2 na sekunde 15.73. Mbio za namna hiyo ziliendelea kuonyeshwa katika Olimpiki mpaka Athens 2004, ambapo Petitclerc alishinda.

Lakini angalia jambo moja. Kule Los Angeles hapakuwa na madaraja mengi, palikuwa na mbio moja. Walioingia ni wenye kasi kuliko wote, ambao kwa kawaida ni wale wenye kiwiliwili chenye nguvu. Wanawake walioumia juu kifuani au shingoni walibaki kutazama kwa televisheni. Kwa hiyo ukiondoa madaraja unawapoteza hao, na ukiyazidisha unapata mbio za watu wawili. Kisu kinakata pande zote.

Baada ya Guttmann kufa, ndipo wataalamu walipouacha ule mtindo wa pingili peke yake. Kufikia Barcelona 1992 kilichoangaliwa katika riadha ni kile mtu anachoweza kufanya katika mchezo wake, bila kujali kama ni ajali, polio au kuzaliwa. Siku hizi wanaosukuma viti kwa sababu ya misuli kupooza au kukosa miguu huwekwa katika madaraja manne, T51 hadi T54. T51 na T52 ni wale ambao hata mikono imeathirika. T53 wana mikono mizima lakini kiwiliwili hakiwasaidii. T54 kiwiliwili chao kina nguvu, nusu au kamili. Wenye ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa misuli wana madaraja yao mengine, T33 na T34. Wapimaji si madaktari peke yao tena, na mwanariadha hutazamwa pia akiwa ndani ya kiti chake akishindana. Ugomvi haukuisha. Wapo wanaohamishwa daraja kati ya mwaka mmoja na mwingine bila miili yao kubadilika, na wapo wanaoshukiwa kuficha nguvu siku ya kupimwa ili wapangwe na walio dhaifu. Na bado mbio za wanawake ndizo zinazokuwa za kwanza kuunganishwa au kufutwa watu wanapopungua.

Ule mwaka wa Athens, 2004, Kenya ilipeleka kwenye Paralimpiki mwanamke wa kwanza kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara kushindana mbio za viti vya magurudumu. Jina lake ni Anne Wafula, mzaliwa wa Bungoma, aliyepatwa na polio akiwa na umri wa miaka miwili. Uti wake wa mgongo haukuvunjika popote. Kwa kipimo kile cha zamani cha Stoke Mandeville, daktari angehangaika kutafuta pingili ya kuandika. Athens alikwenda kama wote wengine, akiwa na daraja lake mkononi, akapanga kiti chake kwenye mstari.